Jibu: Vitunguu vinashika chini nikipunguza mafuta

Habari ndugu. Kama nimekuelewa, ukipunguza mafuta, vitunguu vinashika chini ya sufuria na kuungua kabla havijaiva. Angalia moto kwanza. Mara nyingi tatizo liko hapo. Mimi huweka moto wa wastani, natia kijiko kimoja cha mafuta, kisha vitunguu na chumvi kidogo ili vitoe maji, halafu nafunika. Vikianza kushika, natia maji vijiko viwili na kukwangua ile kahawia ya chini kwa mwiko. Usiitupe, ladha yote iko hapo! Chumvi hiyo uihesabu, usije ukaongeza nyingine mwishoni. Sufuria yako ikiwa nyembamba, usiiache, koroga mara kwa mara.