Kwa anayeanza kutunga lulu: tazama uzi na fundo

Ukianza kutunga shanga na lulu hapa Bagamoyo, usimalizie pesa yote kwenye lulu. Kitakachokuangusha ni uzi. Mji huu ni wa wavuvi, mshipi wa nailoni unapatikana kirahisi, na wengi huanza nao. Una nguvu kweli, lakini ni mkakamavu: kidani hakilali shingoni, kinabaki na mviringo wa bunda lake, na fundo linateleza. Kwa lulu tafuta hariri, au nailoni laini iliyosokotwa.

Piga hesabu kabla ya kununua. Kidani cha sentimita 45, ukitoa 2 za kifungio, kinabaki na 43. Lulu za milimita 8 zisizo na mafundo zitaingia kama 54. Ukipiga fundo kila baada ya lulu, kila moja inakula kama milimita 9, hivyo zinatosha 47 au 48. Anayesahau mafundo hushangaa kidani kimepita sentimita 50. Uzi kata mita 2, ukunje uwe mara mbili.

Fundo ndiyo kazi yenyewe. Bila fundo lulu husagana matunduni, na uzi ukikatika zote zinamwagika. Ingiza lulu, funga kitanzi kilegevu, pitisha pini ndani yake. Sogeza kitanzi kwa pini hadi kiguse lulu, kisha chomoa pini polepole huku ukucha wa kidole gumba ukisukuma fundo. Ukivuta uzi kabla fundo halijafika, litakaza njiani na kuacha pengo. Kulifungua ni kuuchakaza uzi. Fundo likizama tunduni, uzi ni mwembamba mno. Fanya mazoezi na shanga za bei rahisi mpaka mafundo 20 yafuatane bila pengo.

Fundo la mwisho lipake tone la rangi ya kucha isiyo na rangi. Gundi ya papo kwa papo hapana: inaukausha uzi, nao unakatika pembeni mwa gundi.

Shanga za kioo zichambue kama mchele kwenye ungo. Zenye tundu lenye makali tupa, zitakata uzi. Zilizoandikwa 11/0 ni kama milimita 2, 8/0 kama milimita 3. Namba ikipanda, shanga inapungua.

Vifungio pima kwa sumaku. Vingi vinavyonasa vina chuma chini ya rangi ya dhahabu, na upepo wa bahari utavitia kutu upesi.

Lulu huvaliwa mwisho, baada ya mafuta na marashi. Ukivua, futa jasho kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, ulaze kidani kikauke. Ukikitundika uzi unanyooka na mapengo yanatokea. Ndimu inayong'arisha shaba isiguse lulu kabisa. Lulu ni jamii ya chokaa, kama kombe la chaza lenyewe, na ndimu huila ule mng'ao wa juu.