Jibu: Amana ya umeme niliyoacha Houston

Salaam ndugu. Umetafuta kwenye orodha ya pesa zisizodaiwa ya jimbo la Ohio unakoishi sasa, na amana uliyoiweka kwa kampuni ya umeme ulipokuwa Houston, Texas, haionekani. Huko hutaiona: pesa iliyokosa mwenyewe kwa kawaida hupelekwa jimbo la anwani yako ya mwisho kwenye kumbukumbu za kampuni. Ingia claimittexas.gov, tovuti ya jimbo la Texas ya kutafutia pesa kama hizo, ni bure.

Kwanza geuzageuza majina. Langu nililikuta jina la baba limewekwa mbele, na ritifaa ya Ng' imeliwa kabisa. Jaribu na majimbo mengine uliyowahi kuishi.

Ukilipata, andaa kitambulisho, namba ya Social Security (hifadhi ya jamii ya Marekani) na karatasi yoyote yenye anwani ile ya zamani. Bili chakavu inafaa. Anayekupigia simu akitaka asilimia ya pesa hiyo ili akutafutie, achana naye.