Kilo 2 ndani ya siku 3: mama asisubiri kliniki

Pole kwa kuuguza, dada. Umeuliza kama mama, ambaye moyo wake hausukumi damu vizuri, asubiri kliniki ya wiki ijayo ilhali miguu imevimba na uzito umepanda kilo 2 kwa siku 3. Asisubiri. Mpigieni daktari wake leo.

Kilo hizo si mafuta, ni maji. Lita 1 ni karibu kilo 1. Moyo ukilegea, figo hupata damu kidogo, nazo hushikilia chumvi na maji. Mbonyeze kwa kidole juu ya mfupa wa muundi kwa sekunde kadhaa: shimo likibaki, maji yamejaa. Muulize pia analalia mito mingapi. Kama ameongeza mto ili apate pumzi, mwambieni daktari.

Apimwe uzito kila asubuhi, akishakojoa na kabla ya kula, mzani uleule, na muandike.

Kagueni dawa, maana kosa mara nyingi liko hapo: amemeza dawa za maumivu kama ibuprofeni au diklofenaki kwa ajili ya magoti, nazo huzuia maji kutoka. Au ameruka furosemidi, dawa ya kutoa maji kwa mkojo, kwa kuchoshwa na kwenda chooni. Msimwongezee vidonge bila daktari. Chumvi yote ya siku isizidi kijiko 1 cha chai, pamoja na iliyomo kwenye vyakula vya kopo. Chumvi mbadala yenye potasiamu msimpe kabisa kama anatumia spironolaktoni, dawa ya moyo inayobakiza potasiamu mwilini.

Akikosa pumzi hata akiwa ametulia, kifua kikimbana, au akikohoa povu la waridi, mkalisheni wima na mumkimbize hospitali.