Astro City: si lazima uanzie mwanzo

Mdau, umeuliza kama ni lazima usome Astro City, mfululizo wa vitabu vya katuni za mashujaa, tangu mwanzo kabla ya mwendelezo wake kutoka. Si lazima. Mwendelezo ukitoka utaufuata vizuri hata kama hujasoma Astro City yote tangu 1995. Kurt Busiek aliandika simulizi nyingi zinazojitegemea: mara msimulizi ni mwandishi wa habari, mara dada anayepokea simu za watu wanaoomba msaada wa mashujaa. Nguvu za ajabu zipo, ila kinachokushika ni maisha ya watu. Tazama toleo la kwanza kabisa: shujaa Samaritan anaruka angani kutwa nzima kuokoa watu, lakini kuruka kwa raha zake ni ndotoni tu. Mimi hilo ndilo lililoniteka, na hapa Dar kila ninayemwazimisha namwanzishia hapo, kitabu cha Life in the Big City chenye toleo hilo.

Ila The Dark Age usiirukeruke. Ni matoleo 16 ya kisa kimoja cha ndugu wawili, mmoja askari polisi, mwingine mhalifu mdogomdogo. Hiyo isome kwa mpangilio, maana ukiingilia katikati uchungu wao hutauelewa.