Picha Yangu Imekosolewa na Kila Mtu: Nimsikilize Nani?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninajifundisha mwenyewe kupiga picha za vitu vilivyotulia, yaani vyombo, matunda na vitambaa, kwa kutumia simu. Majuzi nilipanga mezani birika jeusi, kikombe cheupe cha bati na ndizi za bogoya, nikatundika nyuma yake kitambaa cha lubugo, yaani kile cha gome la mti wa mutuba, nikapiga picha ninayoiambatisha hapa. Niliwaonyesha watu wanne wenye uzoefu. Wa kwanza alisema upande wa kulia una giza, ninunue taa. Wa pili aliniambia nihamie kwenye dirisha linalotazama kaskazini. Wa tatu alisema picha haina uhai. Wa nne aliisifu na kunitaka niendelee vivyo hivyo. Nimechanganyikiwa, na kusema kweli nimevunjika moyo. Nifuate maneno ya nani?
Msomaji, Jinja

JIBU: Ndugu yetu wa Jinja, tumeitazama picha yako kwa makini, na tunaona kwamba wakosoaji wako wameona mambo ya kweli, ingawa dawa walizokuandikia si zote zinazokufaa. Anayeitazama picha kwa mara ya kwanza ana jicho ambalo wewe umekwisha kulipoteza, kwa sababu wewe ulikuwepo na unajua umbo la birika lile, ilhali yeye hana kingine ila picha. Kwa hiyo akikwambia kwamba mahali fulani pamemkwaza, mwamini. Akikwambia ufanye nini au ununue nini, hapo anazungumza kutokana na chumba chake, vifaa vyake na mazoea yake, nawe una haki ya kuyapima maneno hayo kabla ya kuyafuata.

Giza lipo kweli, kwani ubavu wa kulia wa birika umemezwa na kivuli hata mkono wake hauonekani unapoishia. Hata hivyo, mwanga wa balbu nyingi za nyumbani ni wa manjano kuliko mwanga wa mchana, na miwili hiyo ikikutana juu ya kikombe cheupe, upande mmoja utaonekana wa njano na wa pili utaelekea samawati. Kabla ya kutoa pesa, simamisha karatasi nyeupe ya manila upande wa kulia, karibu na birika lakini nje ya picha, ili iurudishe mwanga wa dirisha kwenye kivuli. Mmarekani Edward Weston, alipokuwa akipiga picha za pilipili hoho mwaka 1930, aliiweka mojawapo ndani ya faneli ya bati, na bati hilo likaurudisha mwanga kwenye pilipili kutoka pande zote. Picha hiyo, iliyopata umaarufu mkubwa, hujulikana kwa namba 30, maana kabla yake alikuwa amepiga nyingine nyingi.

Ushauri wa dirisha la kaskazini ni sahihi huko ushauri wenyewe ulikoanzia. Ulaya, jua la adhuhuri hukaa upande wa kusini mwaka mzima, kwa hiyo dirisha la kaskazini hupokea mwanga mpole wa anga peke yake. Jinja haifiki hata nusu digrii kutoka ikweta. Kwetu, tangu mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba, jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki huwa kusini, hivyo dirisha linalokufaa Desemba linaweza kukuletea jua kali mwezi Juni. Tumia la mashariki wakati wa alasiri au la magharibi wakati wa asubuhi, na jua likiingia moja kwa moja, tundika pazia jepesi jeupe. (Vitabu vingi vya fani hii viliandikwa na watu wasioishi chini ya jua letu, na ni vyema kuvisoma ukilikumbuka hilo.)

Maneno magumu zaidi ni ya yule aliyesema picha haina uhai, kwa sababu hayaonyeshi mahali. Mrudie kwa adabu umwulize jicho lake lilianzia wapi na likakwama wapi. Sisi tumekwama mahali patatu. Mdomo wa birika unagusa ukingo wa nyuma wa meza, hata huwezi kutambua kipi kiko mbele. Sikio la kikombe limefichwa na ndizi, na kikombe kimegeuka bakuli. Tena kwenye tumbo la birika kuna doa jeupe lenye mabega: ni wewe mwenyewe, umevaa shati jeupe. Vaa nguo nyeusi, au sogea pembeni hadi doa litoweke. Vitu vyenyewe umevipanga kama gwaride, vyote katika mstari mmoja. Kivute kikombe mbele, sikio lake likitazama dirishani.

Fani uliyoichagua inakusaidia hapa kuliko nyingine yoyote, kwa kuwa birika halichoki kusubiri. Uache mpangilio mezani, ubadilishe jambo moja tu kila unapopiga, kisha uzilinganishe picha zikiwa kando kwa kando. Simu nyingi hujirekebishia mwanga zenyewe na kukuficha tofauti, kwa hiyo kandamiza kidole kwenye skrini juu ya birika hadi simu ikuonyeshe kwamba imefunga kipimo cha mwanga na fokasi, yaani ukali wa picha, visibadilike. Anza na majaribio yanayohusu ndizi, maana bogoya huanza kupata madoa meusi upesi. Karatasi ikilifuta giza, mkosoaji wa kwanza alikuwa na jicho zuri na wala hukuhitaji taa yake.

Yule aliyekusifu mwulize alipenda nini hasa. Akisema ni rangi ya lubugo, basi umepata cha kulinda unaporekebisha mengine, kwani karatasi nyeupe ikisogezwa karibu mno na kitambaa hufuta vivuli vidogo vinavyoonyesha nyuzi za gome la mutuba.

SWALI: Rafiki yangu hunionyesha picha zake za vyombo na matunda, nami husema tu kwamba ni nzuri, nisije nikamuudhi. Nimwambie nini chenye manufaa?
Msomaji, Mbarara

JIBU: Mwulize kwanza alitaka mtazamaji aone nini, kisha mweleze ulichokiona wewe, kwa mpangilio ule ule ambao jicho lako lilikifuata: "Niliona nanasi, halafu kisu, halafu nikatoka kwenye picha kupitia ile kona yenye mwanga." Usiongeze dawa mpaka akuombe. Na kama hajakuuliza chochote, bali amekuonyesha picha kwa furaha yake tu, mpongeze, ukosoaji usubiri siku nyingine.