Luka aliuzwa, alibadilishwa au alihamishwa?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni shabiki wa mpira wa kikapu hapa Dodoma, na huwa nawaandikia wenzangu habari za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, kwa Kiswahili. Nyota wa Dallas, Luka Dončić, alipopelekwa timu ya Lakers na Anthony Davis akaletwa Dallas, niliandika "Luka auzwa." Rafiki yangu akanirukia: NBA hawauzi mtu! Nikafuta, nikaandika "Luka abadilishwa na Davis." Akacheka mpaka akakohoa. Mara ya tatu nikaandika "Luka ahamia Lakers," akasema hapo ndipo nimeharibu kabisa. Neno sahihi ni lipi? Na kocha akitimuliwa katikati ya msimu, anayeshika nafasi yake tumwite kaimu, kocha wa muda au kocha wa mpito?

Jibu: Marahaba, kijana. Rafiki yako ni mkorofi, lakini mara zote tatu alikuwa na hoja.

Tukumbushane kwanza kilichotokea. Ilikuwa Jumapili, tarehe 2 Februari 2025. Kule Marekani ilikuwa usiku wa manane. Huku kwetu saa mbili na dakika kadhaa asubuhi, watu wanakunywa chai. Habari ilipotoka wengi walidhani akaunti ya mwandishi aliyeitoa imedukuliwa. Dallas Mavericks walikuwa wamemtoa Dončić, kijana wa miaka 25 aliyewafikisha fainali miezi minane tu nyuma, pamoja na Maxi Kleber na Markieff Morris. Kutoka Los Angeles Lakers walipokea Anthony Davis, Max Christie na haki ya Lakers ya kuchagua mchezaji chipukizi raundi ya kwanza mwaka 2029. Utah Jazz nao waliingia katikati na kuondoka na Jalen Hood-Schifino. Dončić mwenyewe alishtuka kama sisi tulivyoshtuka.

Kuuza kunataka muuzaji, mnunuzi na bei. Kwenye soka vyote vitatu vipo: klabu inatoa fedha, mchezaji anakaa mezani kujadili mshahara wake, anasaini mkataba mpya. Kwa hiyo mwanasoka akiuzwa, ameuzwa kweli. NBA mchezaji huondoka na mkataba wake uleule na mshahara uleule. Kinachobadilika ni jina la mwajiri. Na kwa kuwa ligi imeweka ukomo wa mishahara, timu iliyovuka ukomo ikitaka kupokea mishahara mikubwa lazima itoe mishahara inayokaribiana nayo. Msimu ule Dončić na Davis walikuwa wakilipwa takriban dola milioni 43 kila mmoja, ndiyo maana waliweza kupishana. Hapo bei hakuna. Kuna mizani.

Isitoshe, "kuuza mtu" ni maneno mazito kwa Kiswahili, na watu wa Bagamoyo na Kilwa hawahitaji kuelezwa kwa nini. Mitaani nako "ameniuza" maana yake amenisaliti, na "kuuza mechi" ni kuiachia kwa rushwa. Shabiki wa Dallas aliyeandamana nje ya uwanja akitaka meneja mkuu wa wakati huo, Nico Harrison, afukuzwe, angeweza kusema "wametuuza" na Kiswahili chake kingekuwa sawasawa. Lakini hayo ni maneno ya mtu aliyeumia, wewe unaandika habari. (Ukimtaja Harrison, usiache hilo "mkuu". Msomaji aliyezoea soka ya Uingereza akisikia "meneja wa Dallas" atadhani ni kocha, na atamlaumu Jason Kidd bure.)

Sasa "abadilishwa na Davis." Hapa ndipo penye utamu, na ndipo waandishi wengi wa michezo wanapoteleza. Kitenzi kikiwa cha kutendwa, "na" inayofuata humtaja mtendaji: ameumwa na nyoka, amefundishwa na babu. "Luka abadilishwa na Davis" inasema Davis alimkalisha Luka mahali, akamfanyia maneno, Luka akainuka mtu mwingine. Kama ulichotaka kutaja ni kitu kinachopokelewa mahali pa kingine, kiungo chake ni "kwa." Nenda duka la kubadilishia fedha: hakuna anayesema "nimebadilisha dola na shilingi" akaeleweka kwa usahihi, unabadilisha dola kwa shilingi. Basi Dallas walimbadilisha Luka kwa Davis. Rafiki yako alicheka kwa sababu ya neno moja la herufi mbili.

Lakini hata ukiitengeneza "na" hiyo, "amebadilishwa" peke yake ina mtego mwingine. Mtangazaji wa mpira akisema mchezaji amebadilishwa, sote tunamwona anatoka uwanjani dakika ya 70 huku mwenzake akiruka ruka kando ya mstari. Kwenye kikapu, ambako wachezaji hutoka na kuingia kila baada ya dakika chache, mtego huo ni mkubwa zaidi. Kwa hiyo mimi huwashauri waandishi wawape kitenzi hiki wenye uamuzi wao, yaani timu: "Dallas na Lakers wamebadilishana wachezaji." Ile "-an-" ya kutendana inabeba maana yote: huyu katoa kapokea, yule katoa kapokea. Inawabeba hata watatu, maana Utah nao walitoa wakapokea. Jimmy Butler alipotoka Miami kwenda Golden State siku chache baadaye, timu tano ziliingia kwenye mpango mmoja, na "zimebadilishana" haikupasuka.

Usije tu ukaandika "Luka na Davis wamebadilishana timu." Hiyo inawafanya waonekane walikutana mahali, mmoja akasema nipe ya kwako nikupe ya kwangu.

"Ahamia" ina kosa la aina hiyohiyo. Anayehama ameamua. Anafunga mizigo, anaita gari, anahama. Anayehamishwa kaamuliwa. Na Kiswahili cha ofisini kina neno lililokamilika zaidi ambalo kila mwalimu wa shule ya msingi analijua: kuhamishiwa. Unafundisha Kondoa, umepanda mihogo yako, barua inakuja: umehamishiwa Nkasi. Mshahara uleule, cheo kilekile, ripoti kituo kipya cha kazi. Ukiniuliza, mchezaji wa NBA anafanana na mwalimu huyo kuliko anavyofanana na mwanasoka. Luka alihamishiwa Lakers. Butler yeye aliomba uhamisho, akagombana na waajiri wake, akasimamishwa, mwishowe akahamishiwa Golden State; hata hizo hatua zake ni za mtumishi wa umma mtupu. Wapo wachache wenye kipengele kwenye mkataba kinachowapa haki ya kukataa, kama Bradley Beal alipokuwa Phoenix. Mtu kama huyo akikubali kuondoka, neno "amehama" linaanza kumfaa.

Tusiende mbali kutafuta mifano wakati tunaye wa kwetu. Hasheem Thabeet alichaguliwa na Memphis Grizzlies mwaka 2009, wa pili kwa jumla. (Alichaguliwa, tafadhali. Wapo wanaoandika "alidrafitiwa," na kwangu drafti ni ule mchezo wa vifuniko vya soda pale kijiweni.) Februari 2011 Memphis walimhamishia Houston Rockets na kumpokea Shane Battier. Machi 2012 Houston wakamhamishia Portland, Marcus Camby akaenda upande wa pili. Kiangazi cha mwaka huohuo, akiwa hana mkataba na yeyote, Oklahoma City Thunder walimsajili. Hapo ndipo "kusajiliwa" inapokaa vizuri: mchezaji huru, mezani, kalamu mkononi. Mwaka 2014 alihamishiwa Philadelphia, na kabla hajacheza hata mechi moja wakamwacha. Ndiyo, kumwacha, neno lilelile la talaka, na klabu zetu hulitumia kila dirisha la usajili likifunguliwa. Kwa hiyo mtu mmoja amechaguliwa, amehamishwa, amesajiliwa, ameachwa. Ukiandika "aliuzwa" mahali pote hapo, msomaji hatajua ni wapi Hasheem alikuwa na sauti na ni wapi hakuwa nayo.

Siku hizohizo za Februari 2025 kulikuwa na kisa kingine kinachopendeza kilugha. Lakers walikubaliana na Charlotte Hornets kumpata Mark Williams, wakamtoa Dalton Knecht na wengine. Madaktari walipompima Williams, Lakers hawakuridhika, kila mtu akarudi alikotoka. Niliona mahali wameandika mpango huo "umetenguliwa." Sisi Watanzania tumezoea kusikia uteuzi umetenguliwa, lakini kinachotenguliwa ni kitu kilichokuwa kimesimama: mtu alikuwa mkuu wa wilaya kweli, kisha akatolewa. Mpango wa Williams ulihesabiwa kana kwamba haukuwapo. Huo umebatilishwa.

Nije kwa makocha. Msimu wa 2024/25 ulikuwa na kazi. Sacramento Kings walimwondoa Mike Brown mwishoni mwa Desemba. Memphis wakamwondoa Taylor Jenkins mwishoni mwa Machi. Tarehe 8 Aprili Denver Nuggets wakamwondoa Michael Malone, mtu aliyewapa ubingwa mwaka 2023, zikiwa zimebaki mechi tatu tu kabla ya hatua ya mtoano. Na Juni, New York Knicks wakamwondoa Tom Thibodeau baada ya kuwafikisha fainali ya kanda kwa mara ya kwanza katika miaka 25.

Nimetumia "kumwondoa" kwa makusudi, kwa sababu Kiswahili kina utajiri wa kutisha kwenye jambo hili na kila neno lina joto lake. Kufukuzwa kuna mbio ndani yake, kama kufukuza kuku jikoni. Kutimuliwa kuna vumbi. Kufutwa kazi kuna ubao na dasta. Ndugu zetu Wakenya husema amepigwa kalamu, na mimi nawaonea wivu kwa neno hilo, maana unaiona kabisa kalamu ikipita juu ya jina. Sisi tunasema kibarua kimeota nyasi. Kibarua asili yake ni barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi za kutwa, kisha kikawa kazi yenyewe na mtu mwenyewe. Cha Mike Brown kiliota nyasi Sacramento wakati wa Krismasi, na Julai akapewa kingine New York, kwenye kiti cha Thibodeau. Katika habari fupi mimi ningeandika "ameachishwa kazi," neno lisilo na kelele; vumbi na nyasi niyatunze kwa ajili ya uchambuzi. "Amevunjiwa mkataba" liangalie vizuri, kwani kocha wa NBA anayeachishwa kazi kwa kawaida huendelea kulipwa kilichobaki. Mkataba haujavunjika. Kazi ndiyo imekwisha.

Gregg Popovich hayumo kwenye orodha hiyo. Alipata kiharusi Novemba 2024, na Mei 2025 akatangaza kuacha kuifundisha San Antonio Spurs baada ya misimu 29. "Amejiuzulu" si kosa, lakini tunalo bora: aling'atuka. Neno hilo lilitoka kwenye Kizanaki, likaenea nchi nzima Mwalimu Nyerere alipoacha urais mwaka 1985 huku akibaki mwenyekiti wa chama. Popovich naye aliacha benchi akabaki rais wa shughuli za kikapu wa klabu. Sidhani kama kuna kocha mwingine wa Marekani ambaye neno hili lingemkaa vizuri hivyo.

Na kisa chake kinajibu swali lako la mwisho. Tangu Novemba hadi Mei, Mitch Johnson aliiongoza Spurs wakati mwenye kiti yupo, anaumwa, na huenda akarudi. Huyo ni kaimu. Anashika nafasi ya mtu. Doug Christie wa Sacramento, Tuomas Iisalo wa Memphis na David Adelman wa Denver walikalia viti vilivyokwisha kuwa wazi. Hao ningewaita makocha wa muda. Najua maofisini "kaimu" hutumika kwa hali zote mbili, na sitamsahihisha anayefanya hivyo. Lakini kama lugha inakupa maneno mawili na mambo yenyewe ni mawili, kwa nini uyachanganye? "Kocha wa mpito" mimi silipendi hapa. Mpito ni daraja: unajua unatoka wapi na unakwenda wapi, na hakuna anayejenga nyumba darajani. Lifae anayetajwa tangu mwanzo kuwa atampisha mwingine. Hawa wanne wote, kufika mwisho wa Mei, walikuwa wamepewa kazi moja kwa moja, na kwa hilo pia ofisi ya serikali imetutunzia neno: walithibitishwa.

Kichwa chako cha habari basi kingekuwa "Dallas wambadilisha Luka kwa Davis," au kama unataka kuanza na Luka, "Luka ahamishiwa Lakers." Rafiki yako akikosa pa kushika, atakuuliza kama uliweka vile vialama juu ya herufi mbili za c katika Dončić.