Apartementi mpya Lubumbashi: lipia kwanza vinavyoingia ndani ya ukuta

Mama, nimesoma swali lako kwa makini. Umesema umenunua apartementi kwenye ghorofa ya pili ya jengo linalojengwa mtaa wa Golf, zege la sakafu zote limekwisha kumwagwa, kuta za ndani ndiyo kwanza zinaanza kupanda, na mjenzi amekupa karatasi ya machaguo ambayo lazima uirudishe kabla ya mwisho wa mwezi: karo (vigae vya sakafu na ukuta), makabati ya jiko, milango, taa za dari, viyoyozi, beseni kubwa la kuogea na idadi ya soketi. Fedha uliyobakiza haitoshi kwa yote, nawe unauliza uanze na kipi. Mimi nilipitia hatua hiyohiyo miaka minne iliyopita, katika jengo jingine la hapahapa Lubumbashi, na nilikosea mambo mawili ambayo yamenigharimu sana. Kwa hiyo uniwie radhi nikijibu kwa urefu.

Kwa maoni yangu, fedha yako iende kwanza kwenye vile vitakavyofunikwa na plasta na karo, yaani mabomba, nyaya, njia za maji machafu na mahali penyewe pa kuta. Vinavyoonekana kwa macho vinaweza kungoja. Kabati usilolipenda utamwita seremala Jumamosi yoyote akubadilishie, lakini bomba lililolala chini ya karo hulifikii mpaka uvunje.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la maji. Jengo letu lina kisima cha kuchimbwa, pampu, na tangi juu ya paa, nami ninakaa ghorofa ya juu kabisa. Kwenye karatasi ya machaguo nilivutiwa na dushi yenye kichwa kipana kama sinia, nikailipia bila kuuliza lolote. Siku tuliyohamia niliifungua, na maji yakashuka kwa uvivu, yakichuruzika upande mmoja tu wa kichwa kile. Fundi bomba alinieleza jambo ambalo ningeweza kulipiga hesabu mapema: kila mita 10 za kimo cha maji hutoa msukumo wa takriban bar 1, na kutoka tangi letu hadi dushi yangu kuna mita 3 tu, yaani bar 0.3, wakati dushi za namna ile na hita nyingi za kuchemsha maji papo hapo zinahitaji zaidi ya hapo. Jirani wa chini kabisa, mwenye dushi ya kawaida, anaoga vizuri kuliko mimi. Wewe uko ghorofa ya pili, basi muulize mjenzi tangi litakaa wapi, uhesabu mita, ndipo uchague. Ukiona kimo ni kidogo, omba sasa hivi uachiwe nafasi ya pampu ndogo ya kuongeza msukumo, pamoja na soketi yake. Omba pia kila bafu na jiko viwe na valvu yake ya kufungia, ili siku bomba moja likiharibika usikate maji ya nyumba nzima.

Kuna watu wanaotaka kuweka tangi la akiba kwenye baraza. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 1000 ni tani nzima, bila kuhesabu plastiki yake. Usiliweke kabla mhandisi wa jengo hajakuambia kwa maandishi kwamba sakafu ya pale inaubeba uzito huo.

Kosa la pili lilikuwa la umeme, nalo ndilo lililoniuma zaidi. Sote tunajua kwamba umeme hukatika, na kwamba mwenye apartementi, mapema au baadaye, atanunua betri na kibadilishi umeme (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumika nyumbani), au atafunga sola. Mimi nilijua hivyo, lakini sikufikiri kwamba maandalizi yake yanafanyika wakati ukuta uko wazi. Nyaya zangu zote zilichanganywa: taa za vyumba, friji, jiko la umeme na hita ya maji vilitoka kwenye sanduku moja bila mpangilio. Miaka miwili baadaye, nilipoleta betri, fundi alisema hawezi kuziunganisha hivyo, kwa sababu hita peke yake ingezimaliza kabla ya usiku wa manane. Ikabidi atindue kuta ambazo tayari zilikuwa na rangi. Siku tatu tuliishi na vumbi jeupe ndani ya sufuria, kwenye vitanda vya watoto na katikati ya kurasa za madaftari yao, na rangi tuliyopaka upya haikulingana na ile ya zamani.

Kwa hiyo omba sanduku la umeme lenye sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ibebe taa, friji, televisheni, intaneti na soketi chache za kuchajia simu. Hiyo ndiyo betri itakayoilisha. Sehemu ya pili ibebe jiko, hita, pasi na kiyoyozi. Omba pia bomba tupu la plastiki la kupitishia nyaya, kutoka kwenye sanduku hadi paa, lenye waya wa kuvutia ndani yake. Ni kitu cha bei ndogo sana wakati huu, na siku ya sola itakuwa hakuna cha kuvunja. Hakikisha nyaya za taa ni za milimita za mraba 1.5, za soketi 2.5, na ya jiko la umeme 6, kwa kuwa jiko la kilowati 7 kwenye volti 220 linavuta karibu amperi 32. Soketi za bafuni na jikoni zilindwe na swichi ya usalama ya miliamperi 30, ile inayokata umeme yenyewe pindi unapovuja kupitia mwili wa mtu. Katika hili la mwisho usikubali punguzo lolote.

Sasa jiko. Michoro mingi ya majengo mapya inatuletea jiko la Kimarekani, lililofunguka moja kwa moja kwenye sebule, nalo linapendeza kwenye picha. Mke wangu aliutazama mchoro wetu, akaniuliza samaki wakavu watachemshiwa wapi siku ya wageni. Tuliomba ukuta na mlango, na namshukuru kila ninapopita pale. Omba pia baraza ya nyuma iwe na bomba la maji, shimo la kutolea maji sakafuni na karo ukutani hadi usawa wa kifua, kwa kuwa huko ndiko kazi halisi ya nyumba zetu inakofanyikia: kufua, kusafisha samaki, na kuwasha mbabula, yaani jiko la makaa, siku umeme haupo. Mbabula ikae nje kwenye hewa, wala isiingizwe jikoni hata kwa dakika chache, maana hewa ya sumu ya makaa haina harufu ya kumwonya mtu na inaua. Na sombe, yale majani ya muhogo, Mama, haitwangwi ghorofani. Kinu kimoja kinasikika kwenye dari ya jirani kama mtu anagonga kwa nyundo. Sisi wenye apartementi tulikubaliana sehemu ya chini, karibu na ukuta wa ua, na ni vizuri jambo hilo liandikwe katika kanuni za jengo kabla watu hawajaanza kugombana.

Ukuta wa kugawa vyumba, kama ule tulioomba wa jiko, unaweza kuongezwa au kusogezwa, mradi mhandisi aidhinishe uzito wake, lakini nguzo na boriti haziguswi. Vilevile usijaribu kuhamishia choo upande mwingine wa nyumba. Maji machafu yanahitaji mteremko, na ukiweka sentimita 2 kwa kila mita, choo kilicho mita 4 kutoka kwenye bomba kuu kinahitaji sentimita 8 za kushuka ndani ya sakafu, tena bila kuhesabu unene wa bomba lenyewe. Kwa kawaida nafasi hiyo haipo, na fundi anayekuambia itapatikana ataipata kwa kuinua sakafu yako au kwa kutoboa dari ya jirani.

Kuhusu viyoyozi, tazama kwanza vyumba vyako vinaelekea wapi. Lubumbashi iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwaka jua la mchana linatupigia upande wa kaskazini, na alasiri za mwezi wa Oktoba chumba cha magharibi ndicho kinachochemka. Chumba hicho peke yake kiwekewe waya, mabomba na njia ya kutolea maji ya kiyoyozi. Mashine yenyewe utanunua ukipata fedha. Usiku wa Juni na Julai utashukuru zaidi kwa madirisha yanayofunga sawasawa.

Karo chagua unazozipenda, ila za bafuni zisiwe za kuteleza, na uhifadhi katoni mbili, kwa sababu karo za jina lilelile zinazotengenezwa baadaye huja na rangi tofauti kidogo. Fremu za mbao zitiwe dawa ya mchwa kabla ya kufungwa.

Kila unachobadilisha kiandikwe kwenye devizi, yaani hati ya makadirio ya kazi, yenye bei na sahihi, na mchoro urekebishwe. Nilimwomba msimamizi kwa mdomo aongeze soketi kando ya kitanda, akakubali kwa moyo mweupe, kisha akahamishiwa kazi nyingine. Aliyekuja baada yake alikuwa na karatasi tu mkononi. Na ukikataa makabati yao, bei yake ipunguzwe kwenye jumla.

Siku moja kabla ya plasta, nenda na futi ya kupimia na simu. Mimi nilifanya hivyo jikoni tu, nikaweka futi kuanzia pembeni mwa ukuta na kupiga picha kila bomba na waya. Mwaka uliofuata, seremala akiwa ameshika mashine ya kutobolea, nilifungua picha ile: bomba la maji ya moto lilikuwa sentimita 42 kutoka pembeni, naye alikuwa ameweka alama kwenye 41. Alitoboa 60.

Beseni kubwa ulilotajiwa usilichukue. Linahitaji kama lita 200 kulijaza, na maji ya hita ya lita 80, hata yakichanganywa na ya baridi, huenda yasitoshe kulijaza. Fedha hiyo itie kwenye dawa ya kuzuia maji chini ya karo za bafu, kisha umtake mjenzi aijaribu mbele yako: azibe shimo la maji, ajaze sakafu sentimita chache, aache saa 24, nanyi mshuke pamoja kutazama dari ya ghorofa ya chini. Bafu letu la wageni lilitoa doa dogo saa ya ishirini, na kwa kuwa karo zilikuwa bado kwenye katoni, mafundi walipaka upya kwa siku mbili, tukajaza maji tena, na dari ya jirani ikabaki kavu.